Usukani Mzito Upande wa Kulia

6 Februari

Kifungua mimba wangu,

Kabla ya yote niambie kama unakula. Mimi mama yako mzima, magoti tu ndiyo yanagoma asubuhi, yakishapata moto yanakwenda. Mdogo wako Kitinda mzima, amenenepa, na ukimwambia amenenepa anakununia siku mbili. Yule kuku mwenye kilema ameangua vifaranga kumi na mmoja, waliomcheka wameona aibu. Paa la jikoni linavuja pale pale, nimeweka sufuria, sasa tunaita bomba letu. Baba yako yupo.

Sasa nisikilize. Trekta limeharibika. Si kwamba limezima, linawaka vizuri na moshi wake ni ule ule. Ni usukani. Ukikata kushoto unakwenda, ukikata kulia unagoma kama punda aliyeona daraja. Wiki iliyopita baba yako alikuwa anageuza kule mwisho wa shamba, likakataa kukata, likaenda moja kwa moja mpaka likagusa tangi la maji. Liligusa tu. Hakuna aliyeumia.

Nikasema tuite fundi. Baba yako akaiacha chai yake mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Muulize huyo mwanao." Nimeandika kama alivyosema, sijatia chumvi. Miaka saba mwanangu, hata jina la utani hajakutaja, leo anasema muulize. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya jiko, nikamwambia Kitinda ni moshi.

Kwa hiyo usinijibu kwa mkato. Mvua haziko mbali na shamba halijaguswa. Usipige simu ya dukani, pale hata gunia la sukari lina masikio. Andika, tena herufi kubwa, macho yangu si yale uliyoyaacha.

Mama yako

27 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa karakana siku tisa, aliitumia kuegemeza dirisha. Mimi mzima na ninakula. Nimehamishwa kitengo, sasa natengeneza mashine za kunyanyulia mizigo. Zote usukani wake ni wa pampu. Yaani usukani mzito ndiyo kazi yangu ya kila siku, kutoka asubuhi mpaka king'ora. Ukiona nafasi, mwambie Baba hilo.

Ni kweli alisema niulizwe mimi? Nimesoma hapo mara nne. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa uani, gia nilizoshindwa kuzirudisha zimetandazwa kwenye mkeka, majirani wamejaa: "Huyu si fundi, huyu ni mbomoaji." Basi. Yamepita.

Usukani wa trekta lile hausukumi magurudumu kwa nguvu za dereva. Iko pampu ndogo ubavuni mwa injini, inazungushwa na mkanda, inasukuma oili, na oili ndiyo inayogeuza magurudumu. Mkono wa mtu unaomba tu, oili ndiyo inatenda. Ukiwa mzito, maana yake oili haifiki au haina nguvu.

Anzeni na kikopo cha oili kilicho juu ya pampu. Fungueni, mtazame kama imefika kwenye alama. Kisha injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukilegea kama kamba ya kuanikia nguo, ndio huo mbaya wetu. Washeni injini, tazama tena kile kikopo. Ukiona povu kama la maziwa yanayotaka kumwagika, basi kuna hewa inaingia mahali. Mwisho, mwiteni Pancha wa baiskeli na jeki yake, anyanyue pua ya trekta magurudumu ya mbele yawe hewani, mzungushe usukani pande zote mbili injini ikinguruma. Ukiwa mwepesi hewani na mzito chini, pampu imechoka. Ukiwa mzito hata hewani, tatizo ni la chuma, vyuma vya magurudumu vinataka grisi.

Jambo moja linanikereketa. Pampu ikichoka, huchoka pande zote mbili. Mzito kulia tu ni kitu cha nadra. Nipeni majibu yote, hata yale mnayoyaona madogo.

Mwambie Baba namsalimu.

Mwanao

24 Machi

Marahaba mwanangu, marahaba sana.

Nimeisoma barua yako siku mbili mpaka nikaimaliza, nikasikia kama uko mlangoni. Vifaranga wamebaki tisa, wawili wamechukuliwa na mwewe. Kitinda anataka kusuka nywele za gharama, nimemwambia kwanza asuke ukili. Baba yako anakula, ila amebadilisha mkono wa kunywea chai, anasema kikombe kipya kina sikio baya. Na mashati ya siku hizi vifungo vyake vidogo mno, asubuhi namfunga mimi.

Sasa majibu. Oili imefika kwenye alama. Nimechovya kidole mwenyewe, rangi yake kama chai ya rangi, haina uchafu. Mkanda nimeubonyeza mimi, Kitinda akaubonyeza, Pancha akaubonyeza, umekaza kama ngozi ya ngoma. Povu hakuna. Nimesimama pale nikilitazama kama ninayechunga maziwa jikoni, hakuna hata tone.

Pancha akaja na jeki. Unamjua Pancha, tangu azaliwe ni baiskeli tu, trekta analiita baiskeli iliyokula vizuri. Akalinyanyua. Baba yako akapanda, akakata kushoto, magurudumu yakaenda. Akakata kulia, akang'ang'ana mpaka jasho likamtoka shingoni, yakaenda nusu yakasimama. Pancha akapiga grisi mpaka ikalitoka trekta mwilini kama mtoto aliyepakwa mafuta. Baba yako akapanda tena. Vile vile.

Tukaliacha. Kitinda akalishusha, akalizungushia nyuma ya banda na kulirudisha ndani kinyumenyume, maana manyunyu yalishaanza.

Baba yako anasema ni pampu, ifunguliwe. Anasema hana shaka. Tuandikie namna ya kuifungua, na usichelewe, kila asubuhi anakwenda bandani kuitazama kama mtu anayedai haki yake.

Ameuliza pia kama umeoa. Aliuliza akiwa amenipa kisogo, lakini aliuliza.

Mama yako

15 Aprili

Mama, shikamoo.

Sijaoa. Mwambie nikioa atajua.

Msifungue pampu. Nasema tena kwa herufi kubwa kama unavyopenda: MSIFUNGUE PAMPU. Pampu haina kosa. Oili ipo, mkanda umekaza, hewa hakuna, grisi imejaa. Trekta hilo ni zima.

Mama, umeandika kwamba Kitinda alilizungushia nyuma ya banda. Nalikumbuka lile banda, nililijenga na Baba. Kuingia nyuma yake lazima ukate kulia, tena ukate mpaka mwisho. Mwenye mikono ya kusukia nywele amewezaje, na mwenye mabega ya kubebea magunia akashindwa? Aling'ang'ana? Alitoka jasho? Au alikata kwa mkono mmoja huku anatafuna kitu, kama ninavyomjua?

Na hicho kikombe kina sikio baya kwa nani mwingine?

Fanya hivi. Mwambie Baba akushike mikono yote miwili kwa pamoja na akuminye kwa nguvu. Niandikie mkono wa kulia umeminya vipi.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku mvua zimekuja na zimeingia kwa fujo. Sufuria ya jikoni sasa ni mbili. Vifaranga wako saba, bora hao. Kitinda anakusalimu.

Barua yako imechelewa njiani na sisi hatukuweza kungoja, yaani baba yako hakuweza. Tuliifungua pampu. Nilitandika shuka la zamani juu ya meza ya sebuleni, Pancha akaifungua hapo, baba yako amekaa kwenye kiti chake anatoa amri, "Hiyo kwanza, hiyo weka kushoto, usichanganye." Ndani kulikuwa kusafi kuliko kabati langu. Pancha akanitazama, mimi nikatazama shuka. Akasema, "Mzee, mbona hii haina ugonjwa?" Baba yako akasema, "Angalia hicho kimpira." Kilikuwa na mkunjo mdogo, basi, mkunjo wa uzee. Baba yako akasema, "Ndicho hicho."

Duka la hapa hawana vimpira hivyo. Pancha akasema mpira ni mpira, akakata kingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akakikata vizuri kweli, duara kama sarafu. Wakarudisha. Siku ya kwanza sawa. Siku ya tatu kimpira kikavimba kama harage lililolowekwa, oili ikamwagika yote chini ya trekta, na pampu ikaanza kulia kama paka mlangoni.

Sasa usukani ni mzito kweli. Mzito kulia, mzito kushoto. Kitinda amepanda akaning'inia kama nguo kwenye kamba, hausogei. Pancha pia ameshindwa.

Na baba yako, mwanangu, siku hiyo alipona. Alisimama pale bandani anawatazama wanavyohangaika, akasema, "Si niliwaambia? Si niliwaambia ni mzito?" Alikula chakula akaongeza. Alioga mwenyewe.

Maswali yako mengine nimeyaona.

Mama yako

24 Mei

Mama,

Mpira wa tyubu na oili havikai nyumba moja, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Si kosa la Pancha, ni kosa la aliyemlazimisha, na la aliyetazama shuka.

Sili ya pampu hiyo, kile kimpira chenyewe, ninayo. Ipo hapa kwenye droo yangu, nimeipata kwa mzee mmoja wa stoo. Ni kitu cha kuenea kwenye kiganja na kazi yake ni saa mbili. Nimeomba ruhusa. Tarehe ishirini Juni niko hapo, na tarehe ishirini na moja trekta linalima. Ataniona nikilifunga mbele yake, kila skrubu, na safari hii hakitabaki hata kimoja kwenye mkeka.

Lakini kabla sijapanda gari nataka jibu. Sitaki habari za kuku, Mama. Baba ana nini?

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Usije.

Nimeandika hilo kwanza ili hata barua ikichafuka lisomeke.

Ilikuwa Januari. Aliamka asubuhi akaniita, sauti yake kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tu kando yake kama wa mtu mwingine. Mchana ukarudi kidogo, mdomo nao ukanyooka, si wote. Nilimvuta mpaka zahanati. Muuguzi akamshika, akamwambia anyanyue mikono, akasema ni kiharusi kidogo, kikirudi hakitakuwa kidogo, na asiendeshe chochote. Baba yako akasema yule muuguzi ni mtoto wa juzi, na kwamba yeye aliulalia mkono. Tangu siku hiyo jina la ugonjwa ni hilo nyumbani kwetu, aliulalia mkono. Na baadaye hata hilo likafutika, ikabaki usukani.

Ile siku ya tangi sikukwambia yote. Kitinda alikuwa amesimama pale anachota maji. Trekta lilikuja moja kwa moja, baba yake juu anang'ang'ana, anapiga kelele "Kata! Kata!" analiambia trekta. Kitinda aliruka. Kiatu chake kimoja kilibaki kati ya gurudumu na tangi, na kimekuwa kama karatasi. Baba yako alishuka, akakitazama kile kiatu, akasema, "Usukani umeharibika." Akainama, akawa anakivuta kwa mkono wa kushoto, mwanangu. Mimi nikasema, "Ndiyo, umeharibika." Nilisema kwa huruma, nikidhani ni la siku moja. Kumbe nimekabidhiwa kulilea.

Nilikuandikia nikijua. Nisamehe. Nilidhani utasema kitu kigumu cha kifundi, kwamba trekta limezeeka, lisiguswe, naye angekusikia kwa sababu aliuliza mwenyewe. Nikasahau kuwa wewe ni fundi kweli, huwezi kusema chuma kizima ni kibovu.

Sasa fikiria umekuja. Saa mbili umemaliza, usukani mwepesi kama ufagio. Atapanda, nani wa kumzuia? Mimi nimemficha ufunguo mara mbili, mara zote mbili ameupata. Atafika mwisho wa shamba, atakata kulia, na halitakata. Safari hii usukani mzima, oili mpya, mwanawe amesimama pale na spana mkononi. Atasema ni nini? Atajua, mbele yako. Na kama kuna mtu kasimama njiani asiye mwepesi kama Kitinda, sitaki hata kuandika.

Najua utasema Kitinda aendeshe. Nilimwambia baba yako. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

Basi tunalima kwa jembe. Mimi, Kitinda, na Pancha akipata nafasi. Tumefika robo. Robo si haba.

Nakuomba kitu kibaya. Mwandikie yeye mwenyewe. Mwambie trekta limekushinda.

Mama yako

2 Julai

Mama, shikamoo.

Nilikata tiketi, nikairudisha.

Mpeleke tena kwa yule muuguzi, hata kwa hila, wewe unazijua hila. Hilo ni la kwanza.

La pili sijui nilisemeje. Miaka saba nimengoja aniulize swali moja tu. Ameniuliza. Tena ameniuliza kile ninachokijua kuliko watu wote thelathini wa karakana hii, wakubwa wangu hunipisha nipite. Na wewe unataka niseme sijui. Mnalala na robo ya shamba, bila shaka mkono wako una malengelenge na Kitinda anavaa kiatu cha kuazima, ili mtu mmoja asiambiwe neno moja. Mimi nilipobomoa gia niliitwa mbomoaji mbele ya majirani, hakuna aliyekwenda kumwambia afiche maneno kwa huruma. Wewe ulikuwepo. Siku ile pia ulitazama mkeka.

Barua ya Baba iko ndani, haijafungwa, uisome kwanza kama unaogopa.

Mwanao

*

Baba, shikamoo.

Mama alinipa habari za trekta, na kwamba ulisema niulizwe. Nashukuru kwa kuniuliza.

Nimelifikiria miezi mitano. Pampu ile ni ya zamani sana, vimpira vyake havitengenezwi tena popote. Nimewauliza wakubwa wangu, nao hawajui. Hata ningekuja nisingeweza kitu. Hakuna atakayekuja akaweza.

Ulisema mimi si fundi. Kwa trekta hili, ulisema kweli. Limenishinda. Liache bandani lipumzike.

Mwanao

25 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimeirudia kwa zile barua ambazo sikukuitikia vizuri.

Sikuisoma kwanza. Niliogopa nikiisoma sitampa. Nilimkabidhi ilivyo, naye akamwita Kitinda amsomee uani, na Pancha alikuwepo, na majirani wawili waliokuja kuazima mashine ya kunyunyizia dawa. Kitinda alisoma. Alipofika pale "limenishinda" sauti yake ikapotea, baba yako akasema, "Rudia hapo, sijasikia." Alisikia. Kitinda akarudia.

Alicheka mwanangu. Tangu Januari sijamwona akicheka, mdomo wote, mpaka upande ule uliolala ukaamka kidogo. Akawaambia majirani, "Mnaona? Hata huko kwenye makarakana makubwa wamenyoosha mikono. Na nyie mlidhani ni mimi." Hakuna aliyekuwa amesema ni yeye. Mmoja wa majirani akasema, "Pole mzee, kumbe kijana hakuiva." Pancha akainama akaanza kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Baba yako akanigeukia, akaniuliza mbele yao, "Si nilisema tangu zamani?" Nikasema ndiyo, ulisema. Ulimi haukunikatika. Nilidhani utakatika.

Ulichoandika kuhusu mimi na mkeka ni kweli. Sina la kujitetea. Mtu huchagua wa kumlinda kwa kumtazama nani ataanguka asiinuke, na wewe siku zote nilikuona utainuka. Inawezekana hiyo ni njia mbaya ya kulea. Sikufundishwa nyingine.

Zahanati tumekwenda, nilimdanganya ni magoti yangu. Wamempa vidonge, anameza akidhani ni vya presha ya kila mzee. Ufunguo wa trekta ameniletea mwenyewe, kauweka mezani, akasema halina faida tena. Shamba tumefika theluthi, tumesimama hapo, ardhi imekauka.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike leo badala ya Jumamosi. Jana tukiwa tunakula alisema, "Mwambie aje." Nikasema nani? Akasema, "Huyo fundi wako. Aje nyumbani. Mtu aliyekubali kashindwa hafungiwi mlango." Miaka saba nimeuomba mlango huo ufunguke, nimeufungia saumu, na nilijua sura utakayoingia nayo, mtu mzima na kazi yake. Umefunguka kwa wewe kuinama hivi. Nimefurahi na nimeona uchungu, sijui nianze na kipi nimalize na kipi.

Njoo. Njoo kabla vidonge havijachoka. Atakupeleka bandani siku ya kwanza, najua, atakuonyesha kwa mkono wa kushoto tatizo liko wapi, atakueleza pampu inavyofanya kazi kutoka mwanzo, akikosea mahali pengi. Wewe sikiliza. Uliza hata swali moja, uulize kama asiyejua.

Lete nguo za kubadilisha, lete sabuni yako unayoipenda, mlete na huyo usiyemuoa kama yupo. Ile sili iache hapo kwenye droo. Na mfuko wako ukiufunga, upekue mara mbili mwanangu, hakikisha hamna spana hata moja.

Mama yako